Kisogo cha Mugo

Kila jioni, nyumbani kwao mtaani Jericho, sahani zikiwa bado mezani, Mama Celine alitoa ombi lile lile.

"Celine, nipigie dadangu. Ile simu ya kuonana uso."

Celine aliichukua. Vidole vyake vilikimbia kama kuku walioona mwewe. Kabla Mama hajavaa miwani, uso wa dadake ulishajaa kwenye kioo, kutoka huko Siaya.

"Huyu mtoto wangu ni kompyuta," Mama alisifu.

Celine alicheka. Alikuwa anasomea ualimu, na muhula huo alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Walimpa Gredi ya Nne katika shule moja hapo karibu. Shule ilikuwa na vishikwambi kumi, yaani tableti. Vilikaa kwenye kabati la ofisi kama vikombe vya wageni. Vinapanguswa vumbi, havinywewi chai.

"Mimi nitavitoa," Celine aliapa.

Akavitoa. Watoto walikuwa sitini, kwa hiyo kila kishikwambi kilipata watoto sita. Aliwaonyesha video ya haragwe likiota. Darasa likanyamaza. Celine alimtazama Mwalimu Rispa, mwenye darasa, aliyekuwa ameketi nyuma.

"Umesikia, Mwalimu? Hata nzi hapumui!"

"Nimesikia," Rispa alisema. "Kimya hicho nakijua. Nina mjukuu. Akinyamaza jikoni mimi sifurahi. Naenda kuangalia."

Alikwenda hadi dawati la mwisho, kwa msichana mmoja mpole.

"Annah, umeona nini?"

Annah aliangalia kucha zake.

"Sema tu, mama. Hakuna atakayekugombeza."

"Nimeona kisogo cha Mugo."

Darasa zima liliangua kicheko. Mugo mwenyewe alishika kisogo chake, akakipapasa kuona kama kiko sawa. Celine naye alicheka. Kisha akamtazama Annah usoni. Hakuwa anatania.

Wakati wa chai, Celine hakugusa kikombe chake.

"Bwana Kivuva wa chuo anakuja kunikagua Jumanne," alisema. "Huyo haangalii mashine. Anachagua mtoto wa nyuma kabisa, anamuuliza swali. Mtoto asipojua kitu, narudia mazoezi muhula mzima. Afadhali nivirudishe kabatini."

"Kwani kisu kikikukata unaanza kutafuna kitunguu kizima?" Rispa aliuliza. "Kishikwambi ni kizuri. Haragwe linachukua siku nyingi kuota, na pale wameliona kwa dakika moja. Mimi na chaki yangu siwezi hivyo. Lakini jiulize mambo mawili. Ulitaka wajue nini? Na nani alikuwa ameshika?"

Celine alifikiri. Hakuwa amewauliza swali lolote. Aliwaambia tu, "Tazameni." Na aliyeshika alikuwa Mugo. Mugo si mtoto mbaya. Nyumbani kwao kuna simu, vidole vyake ni vyepesi. Wenzake walimwachia kwa sababu kwake mambo yalikwenda haraka.

Jioni ile Mama alifuta mikono kwenye leso.

"Celine, nipigie dadangu."

Mkono wa Celine ulishafika kwenye simu. Ukasimama. Alijiona yeye mwenyewe ndiye Mugo, na Mama ndiye Annah, miwani ikitafutwa huku kazi imekwisha.

"Mama, leo shika wewe."

"Mimi? Nikiiharibu?"

"Haiharibiki kwa kuguswa. Mimi nitasema, wewe utafanya."

Celine aliikalia mikono yake, mmoja huku, mwingine kule. Haikuwa rahisi. Mama alibonyeza kama mtu anayejaribu pasi ya moto. Mara kwenye kioo akatokea Mzee Masinde, mwenyekiti wa kwaya, akiwa amevaa fulana, shavu limejaa ugali.

"Bwana asifiwe, Mama Celine! Kuna msiba?"

"Hakuna, Mzee! Endelea kula!"

Walicheka hadi Mama akavua miwani. Mikono ya Celine ilimwasha, lakini hakuitoa. Mama akajaribu tena, polepole. Dadake akatokea.

"Nimekupigia mwenyewe!" Mama alipiga kelele. "Kwa mikono yangu!"

Baadaye aliketi, simu mapajani.

"Siku zote nilidhani najua kupiga hii simu," alisema. "Kumbe nilichojua ni kukuita wewe."

Jumanne Bwana Kivuva aliketi nyuma, kalamu mkononi. Celine hakuanza na vishikwambi. Alimpa kila mtoto haragwe moja lililolowekwa.

"Likiota, kitatoka nini kwanza? Jani au mzizi?"

"Jani! Ndio lipate jua!"

"Mzizi, wewe! Litasimama na nini?"

Walipokwisha kubishana, na kila mmoja anataka kujua nani mkweli, ndipo alipotoa vishikwambi.

"Sheria ni hii. Anayeshika hafanyi kitu mpaka aambiwe na wenzake. Wenzake wanasema, hawagusi. Kisha kinahamia kwa mwingine. Ataanza ambaye hajawahi kushika."

Annah akashika. Mugo aliikalia mikono yake, uso umekunjamana kama mtu mwenye jino bovu.

"Bonyeza hapo! Hapo, aki!"

"Hapo wapi?" Annah aliuliza. "Sema vizuri."

Mugo alikwama. Vidole vyake vilijua, mdomo haukujua. "Ile... ile alama ya pembe tatu. Katikati."

Darasa likajaa kelele. Simamisha! Rudisha nyuma! Si hapo! Bwana Kivuva aliandika kitu. Celine alitamani kuwanyamazisha, lakini hakufanya hivyo. Aliwasikiliza. Kelele zote zilikuwa za haragwe.

Kisha Bwana Kivuva aliinuka. Akaenda hadi dawati la mwisho.

"Wewe. Kilitoka nini kwanza?"

"Mzizi," Annah alijibu.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Mugo alisema ni jani. Nikarudisha nyuma, nikasimamisha, hata yeye akaona."

"Na haragwe likigeuzwa juu chini, mzizi utaelekea wapi?"

Celine alishika ukingo wa meza. Hilo hakuwa amelifundisha.

Annah aliligeuza haragwe lake kiganjani. "Sijui," alisema. "Lakini tukiliweka hivyo kwenye pamba yenye maji, tutaona."

Bwana Kivuva alifunga kalamu yake.

Ripoti ilisema Celine amepita. Chini palikuwa na maneno haya: "Darasa lilikuwa na kelele. Usiache."

Siku chache baadaye, haragwe la Annah lilikuwa dirishani, juu chini, ndani ya chupa yenye pamba. Mzizi ulikuwa umechomoza juu, ukapinda, ukashuka chini. Watoto walipanga foleni kuutazama. Hiyo haikuhitaji kishikwambi.

Celine alikuwa akiwatazama simu yake ilipolia. Kwenye kioo palitokea nusu ya paji la uso na dari yote ya nyumba yao.

"Mama, teremsha simu kidogo, nikuone. Au ngoja, nikija jioni nitakurekebishia..."

"Utarekebisha nini?" Mama alifoka akicheka. "Wewe sema. Mikono ni yangu."