Ingia na Kilicho Tumboni Mwako

Kiti kilikuwa na joto. Ndeshi alijishusha juu yake kwa taabu, tumbo la miezi saba likimtangulia, asubuhi ya Julai yenye baridi ya kupenya mifupa pale Kisongo, kwenye yadi ya magari ya Reginald, na kabla hajaegemea akahisi joto lile la mahali ambapo mtu ameinuka sasa hivi. Gari lilikuwa limefungwa tangu jana. Reginald mwenyewe ndiye aliyelifungua mbele yao, umande ukiwa bado kwenye vioo.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" akauliza.

"Hakuna mtu, shemeji. Hizi siti zina hita."

"Hata gari likiwa limezimwa?"

Reginald akacheka kidogo, akamgeukia Gadiel, mume wa Ndeshi, maana mwenye kusaini ndiye wa kubembelezwa.

Na Gadiel hakuhitaji kubembelezwa. Miaka kumi na miwili alikuwa ameendesha watalii mbugani kwa mwendo wa tembo, akisimama kwa kila twiga, akirudi nyuma kwa kila simba aliyelala, na siku zote hizo moyoni alikuwa akikimbia. Sasa mbele yake lilikuwepo gari jekundu la milango miwili, lenye turbo mbili na kilometa elfu nne tu kwenye dashibodi, limeinama chini kama paka anayevizia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari lile lilikuwa limetembezwa kwenye simu za watu miezi mitano mizima bila kupata mnunuzi. Lakini nani wa kumkumbusha methali mtu aliyekwisha kupenda?

"Aliyekuwa nalo kwanza ni nani?" Ndeshi akauliza.

"Jamaa mmoja wa Tanga. Hakukaa nalo sana."

"Kwa nini?"

"Shemeji, watu wana hela zao," Reginald akasema, akamkabidhi Gadiel funguo.

Kwao ni Tengeru, juu kidogo ya soko, penye migomba na banda la ng'ombe wawili. Baba yake Gadiel, Mzee Abdiel, alikuwa amefanya biashara ya ng'ombe maisha yake yote, na hakuwahi kuona kitu cha thamani kikiingia getini mwake kimyakimya. Walimkuta amesimama getini, yeye na kibuyu chake cha maziwa. Akawaamuru wazime injini. Akachukua funguo kama anavyopokea kamba ya ng'ombe, akapiga funda la maziwa, akalipulizia gari usoni, fyuu, kisha akasema maneno aliyoachiwa na baba yake, maneno ambayo nyumba ile ilimwambia kila mtamba mwenye mimba aliyenunuliwa mnadani:

"Ulikotoka umetoka. Hapa ndipo kwenu. Ingia na kilicho tumboni mwako."

Gadiel alicheka mpaka simu aliyokuwa akirekodia ikamtikisika mkononi. "Baba, hii gari haina mimba."

"Wewe unajua?" mzee akajibu, naye akacheka.

Ndipo ndani ya buti kukasikika kitu kikigonga. Tu. Mara moja. Gadiel akaifungua, akakuta jeki na tairi la akiba. Harufu iliyotoka humo ilimfanya Ndeshi afunike pua: ngozi mpya, na chini yake harufu ya dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya ng'ombe aliyezaa jana. Mzee alisema ni maziwa yake yaliyomwagika. Wote wakakubali, maana ndilo lililokuwa rahisi kukubali.

Sasa, mtoto wa Ndeshi alikuwa na tabia yake. Kila mama yake akinywa chai ya tangawizi, alipiga mateke mawili ya harakaharaka, akapumzika, kisha moja. Gadiel alikuwa akitania kwamba mtoto huyu ana adabu, anabisha hodi. Siku ya tatu baada ya gari kuingia, Ndeshi alikunywa chai na hodi haikubishwa. Akanywa kikombe cha pili. Kitu kikajigeuza tumboni, polepole, kama mtu anayetafuta mkao mzuri kitini, na ngozi ya tumbo lake ikapata joto. Alilifahamu joto lile.

Kliniki, nesi alimsikiliza kwa muda mrefu. "Moyo unapiga vizuri, mama. Watoto wengine ni wapole tu."

Ndeshi alirudi nyumbani akijilazimisha kufurahi. Alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya hii, na kwa hii alikuwa amejizuia hata kununua soksi za mtoto, asije akaichokoza bahati. Aliogopa sana. Hakumwambia mtu.

Jumapili mchana, watu wakiwa wamelala baada ya ibada, ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Alisimama mlango wa jikoni na kikombe chake, akitazama kibanda lilimoegeshwa gari, mnyama yule mwekundu. Akapiga funda moja. Kutoka kwenye buti, kwa sauti ndogo ya kitu laini kinachogonga bati, akasikia: tu-tu. Kimya. Tu.

Akapiga funda la pili, kwa sababu kuna mambo ambayo mtu huyarudia akitumaini safari hii hayatatokea, na gari likamjibu tena vilevile, mawili ya harakaharaka na moja baada ya pumziko, na ng'ombe wawili bandani wakaacha kucheua wakageuza vichwa upande mmoja, na ile harufu ya dang'a ikaja na ukungu ikaingia jikoni mpaka kwenye masufuria, na ndani yake yeye, pale alipopaswa kuwa mtoto wake, kitu chenye joto kikajigeuza taratibu na kutulia, kama kimesikia na hakijali. Kikombe kikamponyoka.

Mwinjilisti Solomoni aliitwa siku ileile. Alikuwa mtu mwembamba asiyependa makelele. Aliomba, akaweka mkono juu ya buti, kisha akauondoa haraka na kukitazama kiganja.

"Nani alikikaribisha?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mzee Abdiel akavua kofia.

"Mimi naweza kukemea kilichovunja mlango," mwinjilisti akasema. "Hiki kiliambiwa ingia. Aliyekikaribisha ndiye wa kukiaga."

"Majini ni mambo ya pwani," Gadiel akanong'ona. "Sisi huku ni Walutheri."

"Na gari mmesema limetoka Tanga, kaka," mwinjilisti akajibu. "Tanga ni pwani."

Ng'ombe anayerudishwa kwa mwenyewe hutolewa kinyumenyume, na kwa nyumba ile maneno yake hutamkwa kwa mate yanayotemwa chini. Mzee akaja na funguo. Gadiel na mwinjilisti wakajiandaa kusukuma. Ndeshi alisimama kando ameshika ukuta, tumbo likimchoma kama amelala juu ya mawe ya jikoni. Mzee akatema mate chini.

"Nilisema ingia, sasa nasema toka. Toka na kilicho tumb—"

Ndeshi akamziba mdomo kwa kiganja. Mkwe hamgusi baba mkwe hata bega, sembuse mdomo, na kwa kitambo wote walimtazama kama amevua nguo.

"Baba, nisamehe," akasema. "Usiseme hivyo. Kilicho tumboni mwake ni cha kwangu. Wamebadilishana mahali."

"Nani amekwambia?"

Ndeshi aliomba chai. Akanywa mbele yao. Buti ikabisha hodi, mbili, kisha moja, na Gadiel, aliyekuwa amezisikia hodi zile kwa shavu lake mwenyewe usiku mwingi, akakaa chini kwenye matope.

Mzee hakuwa na maneno ya jambo kama lile, na ilibidi ayatafute mwenyewe, mzee wa miaka sabini na nane.

"Acha ulichochukua," akasema mwishowe. "Chukua ulichokuja nacho. Toka."

Gari likatetemeka, injini ikiwa imezimwa. Buti ikanyamaza. Ndeshi akahisi joto likimtoka tumboni taratibu, na baada yake, wazi kabisa, mateke mawili. Pumziko. Moja. Alilia kwa sauti na Gadiel akalia naye, na wanaume wakalisukuma gari kinyumenyume mpaka nje ya geti.

Kisongo, Reginald alilipokea bila kuuliza sababu, akarudisha karibu hela yote. Wakati ule walimwona muungwana.

Mtoto alizaliwa Septemba, wa kiume, kilo tatu na nusu. Mzee Abdiel alimpokea mlangoni bila maneno, akamgusa tu paji la uso. Alikuwa mtoto mpole, hata wageni walimsifu. Halii, walisema, ana bahati mama yake. Ananyonya, analala, anatazama. Maziwa ya Ndeshi yalikuwa yanatoka kwa shida, matone tu, na mtoto hakuonekana kujali. Kitanda chake kilikuwa na joto siku zote, hata akiwa ametolewa muda mrefu, na Ndeshi akajiambia watoto wachanga wana joto.

Mwezi Novemba, saa saba mchana, simu ikaita. Alikuwa na mtoto mapajani.

"Shemeji, habari za uzazi," Reginald akasema. "Samahani kukusumbua, simu ya Gadiel haipatikani. Ile gari nimemuuzia mtu wa Moshi, sasa ameirudisha leo. Kuna kitu mlisahau kwenye buti?"

"Hapana."

"Tumefungua, hamna kitu. Lakini kinagonga. Na sasa imezidi, ina sauti. Mafundi wangu wote wamekimbia." Akashusha sauti. "Yule wa Tanga pia alilalamika habari ya kugonga, shemeji, ila hakuniambia habari ya sauti. Hebu sikiliza."

Akasogeza simu. Kwanza ulikuwa upepo wa Kisongo. Kisha, kwa mbali, nyuma ya bati, tu-tu. Tu. Halafu kilio cha mtoto mchanga, kilichokauka, cha mtoto aliyelia muda mrefu bila kuchukuliwa.

Maziwa yakamtoka Ndeshi. Yalimtoka yenyewe, kwa matiti yote mawili, kwa nguvu ambayo hayajawahi kutoka nayo, yakalowesha blauzi mpaka kiunoni na kudondokea khanga. Akaelewa kwamba kilichokuwa tumboni mwake siku ile kilikuwa kimejifunza kubisha hodi kama mtoto wake, na hakikutoka.

"Shemeji?" Reginald akaita. "Upo?"

Ndeshi akainamisha macho. Mapajani mwake mtoto alikuwa ameamka na anamtazama, mtulivu, khanga ikifuka mvuke pale alipolala.