Dawa ya Pudini

"Wariara, wageni wako hapo barabarani na wewe bado umeshika mwiko?"

"Baba, mukimo haujipondi wenyewe."

Mzee Mburu akarudi kwenye kigoda chake nje, akinung'unika. Wariara alijipangusa jasho kwa kiwiko, akaendelea kuponda viazi na mahindi. Tangu Jumatatu alikuwa kwenye jiko la memsahibu, pale pale shambani Rongai, akiwapikia Wazungu na wageni wa Wazungu. Leo Jumapili, siku yake moja tu ya kupumzika, alikuwa anaposwa. Na mpishi wa posa ni nani? Ni yeye mwenyewe. Mama alikuwa ameshafariki, dada hakuwa naye.

Miguu ilimuuma hadi nyongani. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kwenye mfuko wa aproni, barua ya Hiram:

"Wariara, salamu. Jumapili saa nane tutakuja na Mama kusema na mzee. Tafadhali tengeneza ile pudini ya Kizungu, Mama ameisikia sana. Ni mimi, Hiram."

Basi, imeisha hapo! Miaka mitano alimngoja Hiram akiwa kizuizini, kwenye kambi ya serikali ya Wazungu, akawakataa wanaume wawili waliomtaka. Mwaka huu wa 1959 Hiram akatoka, akapata kazi ya useremala kwenye karakana ya Tejinder mjini Nakuru, na neno la kwanza aliloandika lilikuwa pudini. Kama Wariara bado anamtaka, hakuuliza. Wariara alikuwa ameamua: wale, washibe, halafu babake akimuuliza atasema hapana.

Pudini ilikuwa tayari kwenye bakuli kubwa. Chini keki kavu, juu yake jamu ya plamu, kastadi, kisha krimu ya maziwa. Keki aliilowesha kwa dawa ya pudini kutoka kwenye chupa ndogo aliyopewa na memsahibu.

"Bila dawa keki inakuwa kavu," memsahibu alimwambia tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Harufu yake kali Wariara aliizoea, akaiona ni kama ya dawa ya kikohozi. Yeye ni mtu aliyeokoka, hajui pombe, angebisha kwa nini?

"Bwana asifiwe!" Mama Njoki, mamake Hiram, aliita kutoka mlangoni. Alikuwa amebeba kikapu cha sukari na majani ya chai. Nyuma yake alikuwa Hiram, amekonda, amevaa koti la kuazima.

"Asifiwe sana, Mama. Karibuni."

Walikula. Mukimo ukaisha, Mama Njoki akiusifu, kuku akaisha, chapati zikaisha. Wariara alisimama muda wote, akipakua na kumimina chai. Hiram alimtazama mara mbili, na mara zote mbili akarudisha macho kwenye sahani.

Ndipo Wariara akaleta pudini. Alionja kijiko kimoja kwanza, kama alivyozoea kazini, kisha bakuli la kwanza akampa Hiram. Lililofuata likaenda kwa Mama Njoki, la mwisho kwa babake.

"Uuu!" Mama Njoki akasema. "Mbona hii inanipasha moto kifuani?"

"Ni pudini tu, Mama."

"Basi niongeze."

Alipomaliza bakuli la pili alikuwa anacheka peke yake, kitambaa kimeteleza kichwani. Mzee Mburu aliweka kijiko chini.

"Wariara, umeweka nini hapa?"

"Dawa ya pudini, Baba."

"Lete hiyo dawa."

Akanusa chupa, akanusa tena. "Mimi nimekunywa pombe tangu nikiwa kijana, hakuna mtu atanidanganya. Hii ni pombe ya Wazungu."

"Pombe?" Mama Njoki aliruka. "Mimi niliyeokoka miaka kumi na miwili?"

"Na mabakuli mawili," mzee akasema.

"Memsahibu alisema ni dawa!" Wariara alilia.

"Alisema hivyo ndio nyinyi wapishi msimnywee pombe yake. Sasa nyamazeni nyote. Kwetu, pombe ya posa msichana huonja kwanza, halafu anampa mwanamume mbele ya babake. Akishampa, amekubali. Nyinyi watu wa kuokoka mmeleta majani ya chai, lakini pombe imekuja yenyewe. Huyu ameonja, amempa Hiram, na mimi nimeona kwa macho yangu. Maneno yameisha!"

Mama Njoki akakaa polepole. "Kama ni hivyo, mzee, basi hata mimi nimesamehewa."

Wakacheka. Wariara hakucheka.

"Hayajaisha! Mimi siolewi kwa makosa ya chupa!"

"Wariara..." babake alianza.

"Hapana, Baba. Wewe wamekuja kusema nawe. Mama amesifu mukimo. Hiram ameagiza pudini. Mimi nani ameniuliza? Nimechoka kungoja, nimechoka kupika, nimechoka kusimama. Hata leo!"

Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyafuta. Hiram aliinuka.

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nini?"

"Kule ndani kila wiki mtu alipata habari kwamba bibi yake ameolewa na mwingine. Nikatoka, nikakuta wewe bado uko. Niliona aibu, Wariara. Nimekula miaka yako mitano. Nikasema moyoni, nikimuuliza mambo yetu anaweza kukataa, lakini pudini hawezi kuikataa."

"Mjinga wewe."

"Najua."

Hiram akamnyang'anya mabakuli matupu aliyokuwa ameanza kukusanya.

"Hiram, weka chini!" Mama Njoki alishtuka. "Mwanamume haoshi vyombo kwa wakwe!"

"Mama, kule nilipikia watu mia tatu na kuosha sufuria zao. Haya ni mabakuli tu." Akamgeukia Wariara. "Keti. Sasa nakuuliza mimi mwenyewe, si Mama, si mzee. Bado unanitaka?"

Wariara aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nakutaka. Hata nilipokuwa nakukasirikia nilikutaka. Lakini Jumapili ni siku yangu ya kupumzika, hata tukioana."

"Jumapili nitapika mimi."

"Yesu wangu," Mama Njoki akasema, akashika kichwa.

Hiram alikwenda jikoni, na kelele za sufuria zikaanza. Wazee wakasogeza viti karibu.

"Harusi iwe Agosti," Mzee Mburu akasema.

"Agosti ni karibu mno. Desemba."

"Tumuulize mwenyewe. Wariara, unasemaje?"

Kichwa chake kilikuwa kimeegemea ukuta, viatu vimevuliwa, mdomo wazi kidogo.

"Mwamshe," mzee akasema.

Mama Njoki alivua shali yake, akamfunika magoti.

"Mwache alale," akanong'ona. "Wewe zungumza polepole."