Nyumba Ndogo Chini ya Transfoma

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, mimi na rafiki yangu Tuyishime tulikuwa tunapangusa reli za treni yetu. Mimi nilishika kitambaa kikavu, yeye alikagua viungio. Vumbi la Gisenyi linaingia kila mahali, na treni ya umeme hailitaki. Gurudumu lisipogusa chuma safi, umeme haupiti.

Mama yangu, Mukamusoni, anauza vitenge. Siku moja alirudi kutoka Goma kupitia kituo cha mpakani cha Grande Barrière akiwa na boksi la vitu vya kuchezea vya mtumba. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni cha kijani, mabehewa, reli na transfoma.

"Belise, nimekuletea kitu ya umeme," alisema. "Donc, basi, usiniunguzie nyumba."

Watoto wengi wa shule yetu hapa mtaani Nengo wameona treni kwenye simu tu, kwa sababu nchini kwetu hakuna reli. Kwa hiyo nilipoombwa niilete siku ya wazazi, itembee uwanjani, nilikubali papo hapo.

Transfoma inapokea umeme mkali wa ukutani na kutoa umeme mdogo, ambao hata ukizigusa reli kwa vidole hauwezi kukudhuru. Lakini huo mkali unaua. Chini ya transfoma pamechorwa nyumba ndogo. Baba, aliyekulia Tabora, alinieleza maana yake: kifaa hiki kikae ndani, kisipelekwe nje. Basi tuliiweka dirishani, ndani ya darasa la sita, na ni waya mwembamba wa umeme mdogo tu uliotoka nje hadi kwenye reli, ambazo tulikuwa tumeizungushia bustani ya maua. Alhamisi treni ilizunguka kwa kasi mpaka tukaishiwa pumzi kwa kuifuata.

Ijumaa Tuyishime alileta ndoo ya mchanga mweusi wa volkano, tukautandaza chini ya reli na katikati yake. Mwalimu Kimenyi, msimamizi wa kikundi chetu cha sayansi, alikuja kutazama.

"Hapo sasa," alisema. "Inafanana na njia ya reli ya kweli."

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika wazazi walipoanza kuingia. Nyasi zilikuwa zimelowa chepechepe. Watoto wa chekechea walichuchumaa kuizunguka bustani, akiwemo mdogo wangu Jean-Luc. Nikawasha. Treni ikajikokota, ikikoroma.

"Mi naona iko inachoka," alisema Tuyishime.

"Au imekula ugali mwingi," akajibu Jean-Luc, na wenzake wakacheka.

Mwalimu Kimenyi hakucheka. Wageni walikuwa wanatazama. "Umeme unapotea kwenye waya huo mrefu," alisema. "Leteni transfoma hapa karibu."

"Mwalimu, Alhamisi waya ulikuwa huu huu, na treni ilikimbia," nilimwambia. "Tena transfoma haitakiwi kutoka nje. Imechorwa nyumba."

"Hiyo ni alama ya kiwanda, Belise. Unanifundisha kazi?"

Akaleta ralonji, ule waya mrefu wa kuongezea umeme, akauchomeka kwenye soketi ya darasani na kuuburuta hadi bustanini. Katikati ulikuwa umewahi kukatika, na aliyeuunga alizungushia selotepu ya kufungia maboksi. Kiungo hicho kilikuwa kimelala kwenye nyasi zenye maji, kando kabisa ya watoto. Transfoma nayo ikawekwa juu ya udongo uliolowa.

Treni haikuongeza mwendo hata kidogo. Ilikoroma vilevile.

"Mwalimu, tafadhali, tuzime," nilisema.

"Kaa kimya."

Hapo ndipo Jean-Luc alipojiinua ili aone vizuri, akanyoosha mkono chini ashike ule waya, pale pale penye selotepu. Sikupiga kelele. Nilikimbia darasani nikaing'oa plagi ukutani.

Treni ilisimama. Niliporudi, Mwalimu Kimenyi alikuwa ameshika kiuno mbele ya wazazi wote.

"Umenidhalilisha," alisema. "Treni hii naifungia kabatini. Huigusi tena mpaka uniombe msamaha hapa, mbele ya wanafunzi wote."

Mdogo wangu alikuwa amebakiza kidogo tu aguse kifo, na neno lililokuwa likizungumzwa ni aibu ya mtu mzima. Wazazi kadhaa walitikisa vichwa wakinitazama mimi. Hakuna aliyeutazama ule waya.

Nyumbani Mama alinibembeleza. "We sema tu pardon, mwanangu. Ni neno dogo. Utapata treni yako."

"Kama ni dogo, Mama, kwa nini asiliseme yeye kwa Jean-Luc?"

Mama alimwita Jean-Luc, akavikagua viganja vyake.

Jumatatu mkuu wa shule, Madamu Dative, alituita ofisini: mimi, Mama na Mwalimu Kimenyi. Treni ilikuwa mezani, na kando yake ule ralonji. Madamu alinitaka nieleze, nikaeleza. Kisha nikaomba bisibisi.

"Ya nini?" aliuliza Mwalimu Kimenyi.

"Nataka kujua kwa nini ilichoka. Tulibadilisha kitu kimoja tu baada ya Alhamisi."

Niligeuza kichwa cha treni, nikafungua kifuniko cha tumboni. Mota ina sumaku ndani, na ile sumaku ilikuwa imeota ndevu nyeusi. Ulikuwa mchanga wetu. Volkano zetu hutema mawe yenye chembe za chuma, na sumaku ilizivuta kutoka kwenye reli mpaka zikajaa kwenye meno ya gia. Umeme haukupungua hata mara moja. Tungeweza kuleta waya wote wa wilaya ya Rubavu, treni isingekimbia.

Nilizitoa kwa sindano na mswaki wa zamani. Tukatoka wote uwanjani. Tuyishime, niliyekuwa nimemwambia asubuhi kuwa naushuku mchanga, alikuwa tayari ameuondoa na kutandaza chenga za matofali. Transfoma ikarudi dirishani, waya mwembamba ukatoka nje, nikawasha. Treni ikaondoka kwa kishindo kidogo, ikaizunguka bustani yote ya maua bila kukoroma.

Madamu Dative hakuitazama sana. Alikuwa amekaa kibarazani akibandua selotepu ya ralonji. Ilipofunguka, maji yalidondoka kwenye sketi yake, na shaba ikaonekana tupu.

"Kimenyi," alisema taratibu, "umeme haujui nani mwalimu na nani mtoto. Hata mimi ungeniua. Umeme wa ukutani hauvutwi nje kwenye unyevu, na waya uliokatika haufungwi kwa selotepu, unatupwa. Na kifaa kikishindwa, tunatafuta sababu kwanza, hatukimbilii kukiongezea nguvu." Akawageukia wanafunzi waliokusanyika. "Nanyi sikieni. Kumheshimu mkubwa ni wajibu wenu. Lakini mkubwa akikosea jambo linaloweza kuua, kumzuia ndiyo heshima yenyewe."

Mwalimu Kimenyi aliutazama ule waya. Alitoa ufunguo wa kabati mfukoni, akanipa.

"Waya nilikosea," alisema. "Lakini wewe pia ungeniita pembeni, Belise. Ulinizimia treni mbele ya wazazi wote. Hilo nalo uliombee msamaha, tumalize."

Mama alinigusa bega. Nilipokea ufunguo kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kama nilivyolelewa.

"Ahsante kwa ufunguo, Mwalimu," nilisema. "Msamaha siombi."