Tendegu la Nne

Haya yalimpata rafiki yangu Shamsudin, seremala wa Ngarenaro. Mashine yake ndogo ya kukerezea, ile inayozungusha mti uchongwe kwa patasi, haikupokea kitu kirefu kuliko mguu wa stuli, kwa hiyo alinunua kubwa, ya mtumba, ili amtengenezee binti yake Arafa kitanda cha harusi. Kitanda kilitakiwa kesho, na aibu ingekuwa ya baba.

Kufikia alasiri matendegu matatu ya kitanda yalikuwa tayari, mikono imemfa ganzi. Umeme ukakatika. Karakana haina dirisha, na mlango ulikuwa umefungwa; giza likajaa. Akafanya kosa la mafundi waliochoka: aliacha gogo la tendegu la nne limefungwa mashineni, akaketi sakafuni.

Umeme ulikuwa haujarudi, lakini mashine ikaanza kuzunguka. Kisha patasi ikasikika ikila mti, taratibu, bila pupa.

"Baba Arafa, si umesema umechoka?" mkewe Rukaiya aliita kutoka uani. "Pumzika basi!"

"Nimekaa, mama Arafa."

Sauti ikakoma. Akawasha tochi ya simu. Tendegu la nne lilikuwa limekamilika, sawa na wenzake. Akaishika patasi. Viganja vyake vilikuwa vikavu, lakini mpini ulikuwa umelowa jasho.