Dole Gumba la Bibi Agnetha

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ni kugeuza michembe. Bibi ndiye aliyenifundisha. Viazi vitamu hukatwa vipande vyembamba, huanikwa kwenye turubai, na kila kipande hugeuzwa ili kipate jua pande zote. Jumamosi ile niligeuza turubai zima mara tatu kabla ya saa tatu.

"Anisia, unakausha michembe au unaisumbua?" Mama aliniuliza. "Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?"

"Si kitu, Mama."

Kilikuwa kitu, tena kilikuwa kimekunjwa mfukoni mwangu. Saa nane mchana, hapa nyumbani Ibadakuli, ingesomwa misa ya arobaini ya Bibi Agnetha, aliyenilea. Baada ya misa ningesoma wasifu wake mbele ya watu wote. Mjomba Denis, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyenipa kazi hiyo kwa kuwa nasifiwa shuleni kwa insha. Nami niliandika vizuri kupita kiasi. Niliandika kwamba Bibi alimaliza darasa la saba, akafaulu, kisha akawa karani wa ushirika.

Ulikuwa uongo mtupu. Bibi hakuijua hata herufi a. Lakini nani angesimama msibani kumkatalia marehemu sifa?

Nilikuwa na sababu. Mwaka jana, nikiwa darasa la tano, tulipewa fomu za ziara ya shule. Mama alikuwa ameshakwenda sokoni, hivyo Bibi aliweka dole gumba. Marselino, ninayekaa naye dawati moja, aliiona akapiga kelele, "Jamani, kwa akina Anisia wanasaini kwa kidole!" Darasa zima lilicheka. Nilirudi nyumbani nimefura, nikamwambia Bibi asiweke tena kidole chake kwenye karatasi zangu.

Bibi alikitazama kidole chake. "Sawa, mayu," alisema, yaani "mama" kwa Kisukuma. Na leo Marselino angekuwepo, maana anaimba kwaya.

Karibu saa tano bodaboda ilimshusha bibi mmoja mwembamba mwenye fimbo. Nilimkimbilia nikamwamkia.

"Marahaba, mayu. Mimi ni Mbuke, nimetoka Ushetu. Mimi na bibi yako tumekua pamoja. Nasikia wewe ndiye msomaji. Hebu nisomee sasa hivi, masikio yangu mazito, kwenye watu wengi sitasikia."

Nilimkalisha mkekani, nikasoma. Nilipomaliza akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni Bibi."

"Huyo simjui. Nimeondoka kwangu alfajiri nije kumuaga Agnetha. Kumbe nimekosea nyumba."

Nilianza kulia. Nikamweleza yote: fomu, Marselino, na vile nilivyomkataza Bibi. Bibi Mbuke hakunigombeza. Alinishika mkono.

"Njia ya mwongo ni fupi, mayu. Sasa sikiliza. Tulikuwa tukifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, mimi na yeye, na utomvu wake ukafanya vidole vyetu kuwa vyeusi. Denis alipofaulu kwenda sekondari, babu yako alikataa kusaini fomu. Alitaka mwanawe achunge ng'ombe. Agnetha akaenda mwenyewe kwa miguu hadi ofisi ya elimu. Akaweka dole, likatoka doa tu, halina mistari. Karani akamrudisha. Unajua alifanya nini?"

"Hapana, Bibi."

"Alilisugua kwa mchanga na ndimu mpaka likatoka damu. Kesho yake akarudi. Dole likatoka, na Denis akaenda shule."

Mjomba Denis ni mwalimu wa hisabati. Sikuwahi kujiuliza alifikaje huko.

Niliichana karatasi yangu. Niliandika nyingine nimekaa kando ya michembe, nikifuta na kuandika tena, na kila mstari nikimsomea Bibi Mbuke, hadi kengele ya misa.

Misa ilipokwisha nilisimama chini ya turubai. Nilisoma: "Bibi yetu hakujua kusoma wala kuandika. Saini yake ilikuwa dole gumba." Kwenye kwaya Marselino aliinua kichwa. Niliendelea na habari za tumbaku, mchanga na ndimu. Mjomba Denis aliinama, akafunika uso kwa viganja. Nikamalizia, "Mwaka jana nililionea aibu dole hilo. Bibi, nisamehe. Leo nalijivunia."

Hakuna aliyecheka. Marselino alikuja baadaye akasema, "Samahani, Anisia," akaondoka haraka.

Mjomba alinivuta karibu, macho mekundu. "Hiyo habari ya damu mama hakuwahi kuniambia," alisema. "Kumbuka hili, mwanangu. Ukimpamba mtu kwa uongo unamfuta, na anayekumbukwa ni mtu mwingine. Ukweli wa bibi yako ulimtosha. Na ulipokosea umekiri mbele za watu, jambo ambalo wakubwa wengi linatushinda."

Bibi Mbuke alikuwa ameichukua karatasi yangu, akiigeuzageuza. "Nani ana kalamu ya wino?" aliuliza.

Mama alimpa yake. Bibi Mbuke alipaka wino kwenye dole lake gumba taratibu, akaligandamiza chini ya mstari wa mwisho, akanirudishia karatasi.

"Weka vizuri," alisema. "Shahidi ameshasaini."