Herufi Moja ya Mwamuzi

Kila siku akitoka shule, Pilipili alivua viatu mlangoni, akanawa mikono hadi viwikoni, akafunga kitambaa kichwani na kuingia kwenye kiwanda kidogo cha mikate cha mama yake. Kazi yake ilikuwa kupaka trei mafuta. Jina la Pilipili alipewa na majirani, na aliyeishi naye hakuhitaji kuuliza sababu.

Siku hiyo aliingia amenuna, hata salamu aliitoa kwa shida. Mjomba wake, fundi wa mitambo ya viwandani, alikuwa amemwahidi kwenda naye kwenye kiwanda cha maziwa wakati wa likizo, wakafunge vidhibiti joto vipya. Alikuwa akiiota safari hiyo usiku na mchana. Lakini jana yake mama aliivunja kwa maneno machache tu: "Mtoro wa masomo ya ziada haendi popote."

Nani alimchongea? Jibu alilipata shuleni kwa rafiki yake, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuzimika.

"Jana nilikuja kwenu kununua mkate," Redio alimnong'oneza. "Nikamsikia Twiga akimtajia mama yako habari za wewe kutoroka masomo kwenda kuogelea. Kwa masikio yangu haya haya!"

Twiga alikuwa mtoto wa mama mkubwa, kijana mrefu aliyeishi nao akijifunza kuoka. Wiki iliyopita alisinzia akaunguza mikate, na mama akamwambia mbele ya wafanyakazi wote, "Ukiunguza tena, funga virago urudi kwenu." Pilipili alipoyakumbuka maneno hayo, roho yake ikaburudika. Alijisemea, "Leo ndiyo leo. Nitamwonyesha cha mtema kuni."

Ukutani, kando ya tanuri, palikuwa na kisanduku cheusi cha kudhibiti joto. Namba nyekundu ya juu ilionyesha joto lililomo tanurini. Namba ya kijani ya chini ilionyesha joto linalotakiwa, ambalo mjomba aliliita lengo. Wafanyakazi walikiita kisanduku hicho Mwamuzi. Wakibishana kama tanuri limepata moto wa kutosha, walikitazama tu, mmoja akasema, "Mwamuzi kasema," na ubishi ukaisha.

Mjinga angepandisha lengo, halafu namba ya kijani ingemuumbua. Pilipili alikuwa na mambo mengine, lakini ujinga hakuwa nao. Mjomba alimfundisha kwamba Mwamuzi hana macho. Hupokea ishara kutoka kwenye waya wa kupimia joto ulioingizwa tanurini, na lazima aambiwe waya huo ni wa aina gani. Waya wao ulikuwa aina ya K, na herufi hiyo iliandikwa kwenye lebo yake. Ukimwambia ni J, atasoma joto dogo kuliko lililopo, atazidi kuchochea moto, na namba zake zote zitaonekana safi.

Twiga alipotoka kwenda kubeba unga, Pilipili alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaingia kwenye mipangilio, akabadili K kuwa J. Kisha akarudi kwenye trei zake akipiga mluzi.

Baadaye Twiga alifungua tanuri ili apange mikate, akarudi nyuma ghafla.

"Mbona joto linanichoma uso hivi?"

"Mwamuzi kasema mia mbili," Pilipili alijibu bila kuinua macho. "Au unabishana na Mwamuzi?"

Twiga akatazama namba, akapanga mikate. Haukupita muda moshi ukajaa chumba kizima. Mama alikuja mbio, akakuta trei baada ya trei za mikate myeusi.

"Ulilala tena!"

"Sikulala, Mama Mdogo. Nilisimama hapa hapa. Namba ilikuwa mia mbili."

"Basi mikate imejichoma yenyewe! Kafunge virago vyako."

Pilipili aliona raha, raha tamu kabisa, na aliuma mdomo asicheke. Twiga alivua aproni, akaikunja taratibu na kuiweka mezani.

"Sawa, Mama Mdogo, naondoka," alisema. "Lakini lile ombi langu la jana nalirudia. Ulimwona mwenyewe akiogelea, na umeshamgombeza, basi yaishe. Mwache mdogo wangu aende na Mjomba. Ana kichwa cha ufundi yule."

Kumbe! Mama ndiye aliyemwona, na Twiga alikuwa akimwombea. Raha yote ilimtoka Pilipili. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Haikupasuka, kwa hiyo akatembea hadi kwenye kisanduku, akairudisha K, na namba nyekundu ikaruka juu mbele ya macho ya wote.

"Si yeye, Mama," alisema huku akilia. "Ni mimi."

Mjomba alipopita jioni kuchukua mkate wake, aliambiwa hakuna mkate, na akaambiwa kwa nini. Alimwita Pilipili.

"Nani alikuambia Twiga kakuchongea?"

"Redio. Alimsikia akinitaja."

"Alisikia jina, hakusikia ombi. Wewe nawe ukaweka lengo lako, kisasi, bila kukagua habari imekujia kwa waya gani. Umefanya kosa lile lile ulilomfanyisha Mwamuzi, na kama yeye, umechoma asiyehusika. Na hata kama angekuchongea kweli, mwanangu, tanuri si mahali pa kulipiza. Kaka yako angeungua leo, ungemrudishia ngozi yake?"

Pilipili alitikisa kichwa. Mama alimwomba Twiga radhi, akamvalisha aproni kwa mikono yake. Safari ya kiwanda cha maziwa haikutajwa tena, na Pilipili hakuthubutu kuiuliza.

"Na mimi nataka kisasi changu," Twiga alisema ghafla. Wote wakamgeukia. "Trei zote hizi utazikwangua wewe. Ukimaliza, utanifundisha vitufe vyote vya Mwamuzi, asitokee tena mtu wa kunichezea."

Pilipili alikwangua masizi mpaka vidole vikamuuma. Kisha wakasimama pamoja mbele ya kisanduku.

"Hapa niweke herufi gani?" Twiga aliuliza.

"K."

Twiga alimtazama kwa jicho la pembeni. "Nitajuaje kama ni kweli?"

Pilipili akainamisha kichwa. "Usiniamini mimi, kaka," alisema. "Kagua waya kwanza."