Mchezeshaji wa Michenzani

Kila siku baada ya sala ya alasiri, wakaazi wa jumba moja la Michenzani hawakuwa na haja ya kutazama saa. Wakisikia "du, du, du" kwenye ngazi, walijua Riyama anashuka na mpira wake wa kikapu.

"We Riyama! Ngazi hizo si kiwanja!" Bi Sichana wa ghorofa ya pili alimgombeza.

"Nisamehe, bibi! Shikamoo!"

"Marahaba. Haya nenda kafunge, lakini niachie masikio yangu."

Riyama alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwepesi, na kufunga alijua hasa. Katika nusu fainali ya mashindano ya skuli, timu yao ilipata pointi ishirini na nne, na ishirini alizifunga yeye. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Nyota. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu naye sifa zilimlevya. Akaona mpira ni wake, goli ni lake, na wenzake wanne wapo kumsindikiza tu.

Alkhamisi, mazoezini, Shemsa alisimama peke yake chini ya goli, mikono juu. "Riyama! Niko hapa! Nipe!"

Riyama alimsikia vizuri sana. Lakini alijipenyeza katikati ya waliomkaba, akarusha mwenyewe, mpira ukagonga chuma ukatoka nje.

Shemsa akavua jezi yake aliyoivaa juu ya fulana ya mikono mirefu, akaikunja. "Basi mie natoka. Leo sijagusa mpira hata mara mbili. Kama ni kukimbia bure, nitakimbia Forodhani, kule angalau kuna upepo."

"Nikikupa unakosa!"

"Nitajuaje kufunga na hunipi?"

Hapo kila mtu akaingiwa na hofu. Fainali ilikuwa Jumamosi, na wachezaji wengine wote wa timu walikuwa wamelala na tetekuwanga. Waliobaki wazima ni watano tu. Shemsa akitoka, hakuna fainali wala kombe.

Mwalimu Mwanapili, aliyewafundisha mchezo huo, hakupiga kelele. "Shemsa, jezi utanipa kesho," alisema. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa nyote mnakula kwangu. Na habari za mpira sitaki kuzisikia."

Nyumba ya Mwalimu Mwanapili ilikuwa Mji Mkongwe, ndani ya kichochoro ambacho vespa mbili zikikutana, moja hurudi nyuma. Walikaa juu ya mkeka, wakanawa, wakapiga Bismillahi. Katikati yao palikuwa na sinia la pilau ya kuku. Kama ilivyo desturi, kila mmoja alikula upande wake, na kuku alirundikwa katikati akingoja mtu wa kumgawa.

Riyama ni kifungua mimba, na nyumbani ana wadogo watano. Mkono wake ulianza kazi bila ya kuambiwa. Alichambua paja, akamsogezea Thuwaiba, mdogo kuliko wote. Akaona upande wa Shemsa kuna wali mtupu, akamwekea kipande kinono. Shemsa, ambaye bado alikuwa amenuna, alikichukua kwa pupa, kikamponyoka kikaanguka mkekani. Riyama alichambua kingine, akamwekea tena.

"Kula, shoga'angu."

Mwalimu Mwanapili akaacha kula. "Riyama, nani kakwambia Shemsa hana nyama?"

"Hakuna, mwalimu. Nimeona mwenyewe."

"Na cha kwanza kakiangusha. Mbona umempa tena?"

"Ah, mwalimu! Sasa nimnyime kwa kuangusha?"

Thuwaiba ndiye aliyeanza kucheka, na wote wakamfuata, isipokuwa Riyama. Alikuwa amefahamu. Uso ulimwaka kwa haya, akatamani sakafu ipasuke immeze.

"Nisamehe, Shemsa," alisema. "Nilitaka nisifiwe peke yangu."

Shemsa akatafuna kwanza, hakuwa na haraka. "Nshakusamehe. Lakini kesho nipe mpira, si kuku."

Jumamosi, kiwanjani Amani, wasichana wa Skuli ya Mtende Mmoja walikuja wamejiandaa. Wawili walimganda Riyama kama ruba. Kila alipogeuka, wapo. Basi akamtazama Shemsa, akampa. Shemsa akakosa.

"Funga mwenyewe, Nyota!" watu walipiga kelele.

Akampa tena. Akakosa tena. Loo, mikono ilimwasha Riyama! Lakini mara ya tatu alimpa vilevile, na mpira ukaingia. Baadaye Thuwaiba naye akafunga, na Mtende Mmoja wakaanza kulaumiana wenyewe kwa wenyewe.

Zilibaki sekunde sita, Mtende Mmoja wakiongoza thelathini kwa ishirini na tisa. Riyama aliruka, na wale wawili wakaruka naye. Uwanja mzima ulijua anarusha. Naye, yuko hewani, akauteremsha mpira kwa Shemsa aliyekuwa peke yake chini ya goli. Mpira ulizunguka juu ya chuma, ukasita, ukaingia. Filimbi ikalia. Vigelegele vilipasua anga!

Zawadi ya mfungaji bora ilikwenda kwa msichana wa Mtende Mmoja. Riyama alipiga makofi, lakini tusidanganyane, moyo ulimuuma kidogo. Mwalimu Mwanapili alimwona, akamshika bega.

"Umefunga pointi nane tu, na leo ndiyo umecheza kuliko siku zote," alimwambia. Kisha akawageukia wote. "Asikudanganyeni mtu kwamba timu bingwa haihitaji nyota. Inahitaji. Bila ya Riyama tungefungwa. Lakini nyota akikabwa na watu wawili, lazima mwenzake mmoja ataachwa peke yake. Nyota wa kweli humwona huyo, humwamini, na akikosa humpa tena. Huyo ndiye mchezeshaji."

"Na Jumatatu tunafanya nini, mwalimu?" Shemsa aliuliza, kombe kalikumbatia.

"Jumatatu Riyama atakufundisha kufunga kwa mkono wa kushoto. Mwaka ujao watakukaba wewe wawili wawili."

Riyama akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Inshaallah! Basi shoga'angu, mie nitakuwa chini ya goli, mikono juu. Usije ukaninyima!"